Maisha ya Hubert Ogunde na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu anayejiandaa kwenda kufundisha shule ya msingi huambiwa mapema kwamba wimbo ni chombo cha kazi, kama ubao na chaki. Hata hivyo, katika madarasa mengi wimbo hutumika kwa jambo moja tu: kuwaamsha watoto waliosinzia, au kuujaza muda mpaka kengele ilie. Watoto husimama wima, mikono ubavuni, wakaimba beti mbili. Kisha huketi, na hapo ndipo somo linapohesabiwa kuwa limeanza. Wimbo na somo huwa kama majirani wasioamkiana.

Katika makala haya tumekusudia kueleza maisha ya mtu aliyeanza kazi akiwa mwalimu wa watoto, na ambaye baadaye alitumia zaidi ya miaka arobaini kuonyesha kwamba wimbo, ngoma na hadithi vinaweza kubeba fikira nzito na kuzifikisha kwa watu wengi. Mtu huyo ni Hubert Adedeji Ogunde wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1990. Watu wa nchi yake humtaja kama baba wa tamthilia ya kisasa ya Nigeria. Mchezo wake ulikuwa wa kuimbwa, kuchezwa na kusemwa kwa pamoja, na kila aandikaye historia ya tamthilia ya muziki barani Afrika hana budi kumtaja.

Hatumwelezi ili tumsifu tu. Maisha yake yana mambo ya kuigwa, na yana mengine ambayo mwalimu wa leo anapaswa kuyatazama kwa jicho kali. Tutayaeleza yote mawili.

Malezi yake

Ogunde alizaliwa Ososa, mji mdogo ulio karibu na Ijebu-Ode, katika nchi ya Wayoruba, kusini magharibi ya Nigeria. Baba yake alikuwa mtumishi wa kanisa. Lakini katika ukoo wake walikuwamo pia wazee walioshika mila za jadi, na mtoto huyu alikua akisikia nyimbo za ibada za pande zote mbili. Asubuhi ya Jumapili alisikia tenzi za Kikristo na kinanda. Siku za sherehe za mji alisikia ngoma na kuwaona wacheza vinyago wakipita njiani.

Wacheza vinyago hao ni watu muhimu katika habari hii. Kwa karne kadhaa Wayoruba walikuwa na vikundi vya wasanii waliotembea kutoka mji hadi mji, vikundi vinavyojulikana kwa jina la Alarinjo. Asili yao ilikuwa katika ibada ya kuwaenzi wahenga, lakini hatimaye wengine walijipatia riziki kwa kucheza mbele ya watu. Walivaa vinyago, waliimba, walicheza ngoma, waliwaiga watu wa kila namna na kuwachekesha watazamaji. Ogunde alipokuwa mtoto alivifuata vikundi hivyo na kushiriki katika michezo yao.

Hapa tunakuta funzo la kwanza. Mtoto huyu alikwenda shuleni akiwa tayari amejaa sanaa ya jamii yake. Shule alizosoma, za Ososa, Lagos na Ijebu-Ode, zilimfundisha kusoma, kuandika na kuimba tenzi. Hazikumfundisha kucheza vinyago. Laiti angeamini kwamba elimu ni ile iliyomo shuleni tu, nusu ya utajiri wake ingepotea. Kila mwalimu anayeingia darasani na kuwaona watoto arobaini mbele yake hana budi kujiuliza: hawa wamekuja na nini kutoka nyumbani, nami nitakitumiaje?

Mwalimu na mpiga kinanda

Katika miaka ya 1930 Ogunde alifanya kazi ya ualimu. Wakati huo kijana aliyemaliza masomo ya msingi aliweza kuajiriwa kufundisha huku mwenyewe akiendelea kujifunza. Pamoja na kufundisha, alipiga kinanda kanisani na kuongoza kwaya. Kwa hiyo tangu ujana wake alizoea kazi ambayo walimu wengi wa shule zetu wanaijua vizuri: kukusanya watu wasio wasanii wa kazi, kuwagawia sauti, kuwakemea wanaochelewa, na kuwafikisha siku ya sherehe wakiwa tayari.

Mwaka 1941 aliacha ualimu akajiunga na polisi. Miaka miwili baadaye alihamishiwa Ebute Metta, Lagos. Hakuacha muziki. Alijiunga na kanisa mojawapo la Aladura, yaani makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, ambayo yalitia mkazo katika sala na hayakuona haya kupiga ngoma ndani ya ibada.

Kwaya iliyosimama wima

Ili tuelewe alichokifanya Ogunde, hatuna budi kuangalia hali aliyoikuta. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19, mjini Lagos kulikuwa na desturi ya matamasha ya nyimbo yaliyofuata mtindo wa Ulaya. Waandaaji wake walikuwa wamisionari na Waafrika waliosoma, wengi wao wakiwa wametoka Sierra Leone na Brazili, ambako wao au wazazi wao walifika kwa sababu ya biashara ya utumwa. Nyimbo zilikuwa za Kizungu na mavazi yalikuwa ya Kizungu. Mtu wa kawaida aliyejua Kiyoruba tu hakuwa na lake humo.

Mwishoni mwa karne hiyo Wakristo wengi wa Kiafrika walijitenga na makanisa ya wamisionari wakaanzisha ya kwao. Waliingiza nyimbo za Kiyoruba na ngoma katika ibada. Jambo hili lilitatua tatizo kubwa la lugha. Kiyoruba ni lugha ya toni; neno lile lile likitamkwa kwa sauti ya juu huwa na maana moja, na likitamkwa kwa sauti ya chini huwa na maana nyingine. Maneno ya Kiyoruba yalipolazimishwa kufuata tuni za Kiingereza, toni ziliharibika na maana ikaharibika nazo. Waumini waliimba maneno matakatifu huku wakisema, bila kukusudia, mambo ya ajabu.

Kiswahili si lugha ya toni, lakini nacho kina mkazo wake. Neno barabara likitiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia kubwa ya magari; mkazo ukihamia silabi ya tatu kutoka mwisho, maana yake ni sawasawa kabisa. Mwalimu anayechukua tuni ya kigeni na kuitia maneno ya Kiswahili bila kuangalia mkazo huwafundisha watoto kuitamka vibaya lugha yao wenyewe. Kabla ya kufundisha wimbo mpya, usome kwanza kwa sauti kama maneno ya kawaida, kisha uone kama tuni inayafuata.

Kutokana na ibada hizo mpya ukatokea mchezo wa kuimba wa kanisani. Hadithi za Biblia ziliimbwa na kwaya kwa Kiyoruba, waimbaji wakawakilisha watu wa hadithi. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa na upungufu wake. Waimbaji walisimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Adamu alifukuzwa peponi bila kusogea hata hatua moja.

Usiku wa tarehe 12 Juni 1944

Kanisa la Ogunde lilihitaji fedha za ujenzi. Viongozi wake walimwomba atunge mchezo wa kuimba ili watu waje kutazama na kuchangia. Alitunga mchezo juu ya bustani ya Edeni na kiti cha enzi cha Mungu, nao ulionyeshwa tarehe 12 Juni 1944 katika ukumbi wa Glover, Lagos. Mtunzi wakati huo alikuwa bado polisi.

Mchezo huo ulikuwa na hadithi ile ile na Kiyoruba kile kile ambavyo watu walikuwa wamevizoea. Kilichobadilika ni kwamba waimbaji walitembea. Waliigiza kwa viungo vyao walichokuwa wakikiimba, wakacheza ngoma jukwaani, wakatazamana na kujibizana kama watu wanavyofanya. Kwa maneno mengine, Ogunde alimchukua mwimbaji wa kanisani akamkutanisha na mcheza vinyago wa Ososa. Watazamaji walifurahi mno, na mchezo ukaombwa kurudiwa. Katika muda usiozidi miaka miwili akatunga mingine kadhaa, ikiwamo ile ya Waisraeli katika Misri, ya Nebukadneza na Belshaza, na ya mfalme Sulemani.

Tukilitazama jambo hili kwa jicho la mwalimu tunaona kwamba ugunduzi wake haukuhitaji fedha. Hakuleta chombo kipya wala kujenga ukumbi. Aliwaruhusu watu wasogee.

Kuacha mshahara

Mwaka 1945 Ogunde alichukua uamuzi ambao jamaa zake hawakuweza kuuelewa kwa urahisi. Aliacha kazi ya polisi, yenye mshahara na heshima, akaanzisha kikundi cha kuigiza ambacho kingejitegemea kwa viingilio vya watazamaji. Jina alilokipa lilikitambulisha kama chama cha utafiti wa muziki wa Kiafrika. Wanahistoria wengi wa tamthilia wanakihesabu kuwa kikundi cha kwanza cha waigizaji wa kazi katika Nigeria ya kisasa.

Pamoja na mabadiliko hayo, mada zake nazo zilibadilika. Aliiacha Biblia akageukia mambo yaliyokuwa yakiwaumiza watu. Katikati ya mwaka 1945 wafanyakazi wa serikali na wa reli nchini Nigeria waligoma kwa muda wa siku zaidi ya 40. Wakati wa vita bei za vyakula zilikuwa zimepanda sana, lakini mishahara ilibaki nyuma. Ogunde alitunga mchezo ulioitwa Strike and Hunger, yaani Mgomo na Njaa, akieleza habari hiyo kwa mfano wa mtawala mgeni anayewabana raia. Mwaka 1946 kikundi kilipoupeleka Jos, wakuu wa serikali ya kikoloni waliupiga marufuku, na mtunzi akatozwa faini.

Haikuwa mara ya mwisho. Tarehe 18 Novemba 1949 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi wachimba makaa ya mawe waliogoma huko Enugu, wakawaua watu 21. Mwaka 1950 Ogunde alitoa mchezo ulioitwa Bread and Bullet, yaani Mkate na Risasi. Huo nao ulipigwa marufuku Kano. Mtu aliyewahi kuvaa sare ya polisi sasa alikuwa akiwauliza watawala, mbele ya ukumbi uliojaa, kwa nini polisi wao waliwapiga risasi watu waliodai haki.

Jinsi mchezo wake ulivyopangwa

Tunafikiri kwamba mwalimu atanufaika zaidi akiujua mpango wa michezo hiyo, kwa sababu mpango wenyewe ni njia ya kufundishia.

Mchezo wa Ogunde ulianza kwa wimbo na ngoma ya kufungulia. Waigizaji, wamevaa maleba ya kupendeza, waliimba na kucheza huku wakidokeza mambo yatakayoonyeshwa na maadili yaliyomo. Kisha ulifuata mchezo wenyewe, ambamo watu walizungumza, na palipofika penye jambo kubwa waliingia katika wimbo. Mwisho ulikuja wimbo wa kufungia, uliorudia funzo na kuwaaga watazamaji kwa furaha.

Katika michezo yake ya awali karibu kila kitu kiliimbwa. Kadiri miaka ilivyopita mazungumzo yaliongezeka. Alichanganya vyombo: mara saksafoni, tarumbeta na gitaa, mara ngoma za Kiyoruba. Mwaka 1947 alisafiri mpaka Uingereza kujifunza, akarudi na mitindo ya ngoma za kigeni. Lakini baadaye alirudi zaidi na zaidi kwenye ngoma za kwao.

Jambo la kuzingatia ni hili. Nyimbo zilitungwa mapema, zikafanyiwa mazoezi mpaka kila mtu akazijua kwa moyo. Mazungumzo, kwa upande mwingine, hayakuandikwa neno kwa neno. Mwigizaji alielezwa hadithi na nafasi yake, kisha akatafuta maneno yake mwenyewe, akiyaboresha onyesho baada ya onyesho kwa kuangalia watazamaji walivyopokea. Kwa njia hiyo kila mwigizaji alilazimika kufikiri. Wimbo uliwaunganisha wote, na mazungumzo yakampa kila mmoja uhuru.

Njia hiyo ilikuwa na hasara yake. Kwa kuwa mazungumzo hayakuandikwa, sehemu kubwa ya michezo hiyo imepotea. Zilizosalia kwa wingi ni nyimbo, muhtasari wa hadithi na kumbukumbu za waliotazama. Mwalimu anayetunga mchezo mzuri na wanafunzi wake asiuache ufe siku ya sherehe. Auandike katika daftari, na tarehe aiweke.

Swali la wanawake jukwaani

Kikundi cha kazi kilihitaji waigizaji wanawake wa kulipwa, na hapo Ogunde alikutana na ukuta mwingine. Katika jamii ya wakati ule mwanamke aliyesafiri na kikundi cha ngoma, akalala miji ya mbali na kujionyesha jukwaani kwa fedha, alidhaniwa kuwa mtu asiye na maadili. Inasimuliwa kwamba alipotangaza nafasi za waigizaji wa kike hakuna aliyejitokeza. Akatangaza tena kwamba anahitaji makarani wa kike, nao walipokuja ndipo akawaeleza kazi yenyewe. Hata wale waliokubali walipata upinzani kutoka kwa wazazi wao.

Suluhisho lake lilikuwa kuwaoa. Kwa miaka mingi aliwaoa waigizaji wake wengi, na wake hao na watoto wao wakawa uti wa mgongo wa kikundi. Wa kwanza wao, Clementina Oguntimirin, aliyejulikana baadaye kama Adeshewa Ogunde, alikuwa mwigizaji mkuu aliyependwa sana na watazamaji. Alifariki mwaka 1970 katika ajali ya gari, kikundi kikiwa katika shughuli zake za kusafiri. Mumewe aliomboleza kwa njia aliyoijua, kwa wimbo.

Suluhisho hilo tulipime kwa haki. Kwa upande mmoja, wanawake hawa walipata heshima ya ndoa machoni pa jamii, walipata ujuzi na sifa, na mlango waliouufungua ulipitwa na wengine wengi baadaye. Kwa upande mwingine, mwajiri na mume walikuwa mtu mmoja. Ni vigumu kuona jinsi mwanamke angeweza kukiacha kikundi bila kuiacha nyumba yake, na kuwaita watu kwa tangazo lisilo la kweli si mfano wa kufuatwa. Tunayaeleza haya kwa sababu katika shule zetu pia wapo wazazi wasiotaka binti zao wacheze jukwaani. Njia ya mwalimu ni kwenda kwa wazazi, kuwaeleza ukweli, kuwaalika waje waone mazoezi kwa macho yao, na kuhakikisha kwamba mazoezi hayo yanafanyika mchana na mahali pa wazi. Binti asiingizwe kwa hila, wala asiachwe nje kwa woga.

Marufuku ya mwaka 1964

Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Wengi walidhani kwamba msanii aliyewasumbua wakoloni sasa angepumzika. Haikuwa hivyo.

Mwanzoni mwa miaka hiyo viongozi wa Wayoruba waligawanyika vibaya. Kiongozi mmoja mkuu, Obafemi Awolowo, alifungwa gerezani mwaka 1963, na aliyekuwa naibu wake katika chama, Samuel Akintola, alishika uongozi wa Mkoa wa Magharibi. Mwaka 1964 Ogunde alialikwa kuonyesha mchezo mbele ya wakubwa wa upande wa Akintola. Alionyesha Yoruba Ronu, maana yake Wayoruba Fikirini, hadithi ya mfalme aliyesalitiwa na msaidizi wake mwenyewe. Hakutaja jina la mtu aliye hai, lakini hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuelewa. Waziri Mkuu wa mkoa aliondoka kabla ya mchezo kwisha.

Muda si muda serikali ya mkoa ilikipiga marufuku kikundi cha Ogunde kuonyesha mchezo katika Mkoa wa Magharibi. Tufikiri uzito wa adhabu hiyo. Mkoa huo ndio uliokuwa kwao. Ndiko waliko watu wanaoelewa Kiyoruba. Ndiko zilikotoka fedha za kuwalisha waigizaji na watoto wao. Angeweza kuomba radhi. Badala yake alitunga mchezo mwingine, Otito Koro, maana yake Ukweli Ni Mchungu, akauonyesha mahali ambapo hakukatazwa. Marufuku iliondolewa mwaka 1966, baada ya jeshi kuipindua serikali, na gavana mpya wa kijeshi wa mkoa kumruhusu kurudi.

Hatusemi kwamba kila mwalimu atafute ugomvi na wakubwa. Tunalosema ni kwamba mchezo wenye ukweli una gharama, na mtu huijua thamani ya maneno yake siku anapotakiwa kuyalipia.

Warithi wake na miaka ya mwisho

Mfano wa Ogunde ulizaa vikundi vingi. Inafurahisha kuona kwamba wawili walio mashuhuri zaidi kati ya waliomfuata, Kola Ogunmola na Duro Ladipo, nao waliwahi kuwa walimu wa shule. Ogunmola alisifika kwa uigizaji wake mwororo na mchezo juu ya mlevi wa tembo aliyesafiri nchi ya wafu, uliotokana na kitabu cha Amos Tutuola. Ladipo alisifika kwa michezo ya kihistoria, hasa Oba Koso, juu ya mfalme Sango. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya namna hii katika nchi ya Wayoruba vilikadiriwa kufikia mia moja hivi, vikisafiri na magari yao, majukwaa yao na vipaza sauti vyao.

Mwaka 1967 kikundi cha Ogunde kiliiwakilisha Nigeria katika maonyesho ya dunia huko Montreal, Kanada. Kuanzia mwaka 1979 yeye mwenyewe aligeukia filamu. Alitoa Aiye, kisha Jaiyesimi mwaka 1980, Aropin N'tenia mwaka 1982, na Ayanmo mwaka 1988. Watu walijaa kumbi za sinema kuzitazama. Lakini filamu, na baadaye kanda za video, ndizo zilizochangia kuvimaliza vikundi vya kusafiri. Waigizaji wengi waliolelewa jukwaani waliingia mbele ya kamera, na majukwaa yakabaki matupu. Pamoja na hayo, serikali ilimpa Ogunde kazi ya kuunda kikundi cha sanaa cha taifa, na alikuwa katika shughuli hiyo alipougua. Alifariki London mwezi Aprili 1990, akazikwa kwao Ososa.

Mafunzo kwa mwalimu

Kutokana na maisha haya tunapendekeza hatua chache ambazo mwalimu wa darasa lolote la shule ya msingi anaweza kuzijaribu bila kununua kitu.

Kwanza, achague hadithi ambayo watoto wanaijua au jambo linalowahusu: ukataji wa miti kijijini, mtoto mtoro, safari ya kwanza mjini. Ogunde alianza na Edeni kwa sababu kila mtu kanisani aliijua Edeni. Mtoto asiyeijua hadithi hawezi kuiigiza.

Pili, atunge pamoja na watoto wimbo mmoja mfupi wa kufungulia, wenye kiitikio, unaodokeza somo. Tuni itokane na michezo na ngoma wanazozijua watoto, na mkazo wa maneno uangaliwe. Wimbo huu ndio utangulizi wa somo, na kwa hiyo uhesabiwe ndani ya dakika za somo lenyewe.

Tatu, wimbo ukariri­we na wote, lakini mazungumzo yaachwe kwa watoto. Hapa walimu wengi hukosea. Huandika kila neno, huwakaririsha watoto, kisha hushangaa kwa nini wanaongea kama mashine. Mtoto anayetafuta neno lake mwenyewe ndiye anayejifunza lugha. Akikosea, asikatizwe mbele ya wenzake. Kosa liandikwe pembeni na lisahihishwe baadaye.

Nne, watoto wasogee. Hata darasa likiwa dogo, madawati yanaweza kusukumwa ukutani, na mti wa uwanjani ni jukwaa la kutosha. Mtoto mwenye haya apewe ngoma, au awekwe katika kundi la waitikiaji mpaka siku atakapotaka mwenyewe kusema.

Tano, mchezo ufungwe kwa wimbo unaorudia funzo, na baada ya hapo darasa lijadiliane. Nani alikosea? Tungefanyaje sisi? Bila majadiliano mchezo hubaki kuwa burudani.

Walimu wa Tanzania wanaijua ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliieneza, na ambayo ilitumika sana mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ngonjera ina sifa ya kujenga hoja kwa mabishano. Lakini aghalabu waghani wake husimama safu moja, wakitazama mbele, kama ile kwaya ya Lagos kabla ya mwaka 1944. Mwanafunzi wa ualimu atakayekwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao na aichukue ngonjera moja, awape watoto ruhusa ya kutembea na kutazamana wanapobishana, kisha aone kitakachotokea.

Maswali ya kujadili

1. Taja michezo mitatu ya watoto ya mahali ulipokulia ambayo ina wimbo na mwendo. Kila mmoja unaweza kufundishia somo gani?

2. Chagua wimbo mmoja unaoimbwa shuleni kwa tuni ya kigeni. Ni maneno gani ambayo mkazo wake umeharibiwa, nawe utaurekebishaje?

3. Mzazi anakataa binti yake asishiriki katika mchezo wa shule. Eleza utakavyozungumza naye.

4. Ogunde aliacha mazungumzo bila kuyaandika. Jadili faida na hasara za njia hiyo katika darasa la tatu na katika darasa la saba.